Alhamisi za Mama Kaswera Wivine

Hadi leo, tunapokutana kumzika Mama Kaswera Wivine, hakuna aliyeweza kutuambia ni nani aliyefunga matawi ya michikichi kwenye lango la Mama Kadidja kule Kabondo, asubuhi moja ya Alhamisi ya mwezi wa tatu mwaka 2001, mahali ambapo hapakuwa na maiti wala kilio. Marehemu aliulizwa mara nyingi akasema si yeye, Mama Kadidja naye aliapa kwamba alipoamka aliyakuta yamekwisha kufungwa, na kwa kuwa kila mtu wa Kisangani anajua kwamba matawi hayo langoni ni alama ya matanga, mengi katika miaka ya mwisho ya marehemu yalitoka hapo. Tutayafikia kwa utaratibu wake, baba padri, wazee wa msikitini mliokubali kuketi nasi, majirani na ndugu wote, maana maisha ya mtu hayaanzii langoni kwa jirani, yanaanzia kwa mama yake.

Mama Kaswera Wivine alizaliwa tarehe 9 Februari 1958 huko Musienene, eneo la Lubero, Kivu ya Kaskazini, akiwa binti wa mkulima wa viazi ambaye pia alikuwa katekista, akabatizwa mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi palepale Musienene, kisha miaka miwili ya sekondari, akaacha mwaka 1974 baba yake alipougua na mashamba yakakosa mikono, jambo ambalo hakulilalamikia mbele ya watu, ingawa wateja wake wa baadaye wanakumbuka kwamba hakufungia mtu vitunguu kwa kipande cha gazeti kabla hajakisoma chote, mteja akisubiri.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na Bwana Timothée Kataliko, baada ya mbuzi kutolewa kama desturi ya kwetu inavyotaka, na mwezi uliofuata wakateremka pamoja na lori la maharage hadi Kisangani, wakapanga nyumba katika komini ya Tshopo na kufungua depo ya maharage, viazi na vitunguu karibu na soko kuu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Claudine, aliyezaliwa mwaka 1980, na Hilaire, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1981. Sokoni marehemu alijulikana kwa mkono wake mzito wa matabisi, ile nyongeza inayomwagwa juu ya kipimo, na mume wake alikuwa akimtania kwamba siku moja atauza matabisi na kutoa maharage bure.

Vita vilipokuja, barabara ya kwetu Kivu ilikatika, bidhaa zikaanza kuletwa kwa ndege hadi uwanja wa Simi-Simi, wakaendelea kuuza kidogo kidogo. Tarehe 5 Juni 2000, majeshi mawili ya nchi jirani yalipoanza kupigana ndani ya mji wetu kwa siku sita, Baba Timothée na Hilaire walikuwa depo, na hawakuweza kurudi nyumbani. Siku ya tatu Hilaire alitoka kutafuta maji, kipande cha bomu kikampata kando ya ukuta, na baba yake akamzika nyuma ya depo kwa kipande cha bati na mikono yake, bila sanduku, bila padri, bila matanga. Bunduki ziliponyamaza alitembea hadi nyumbani, akamwambia mke wake: “Mama Claudine, nimerudi peke yangu,” akaketi uani, na tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la mtoto wake, wala hakuvuka lango la nyumba yake.

Marehemu hakumlaumu. Aliendesha depo mwenyewe, akapika, akamwosha miguu, na alilolitafuta kuanzia hapo lilikuwa moja tu, kwamba mume wake atoke nje ya lango lile akiwa mtu tena. Yeye mwenyewe hakulia, alisema hana nafasi. Kutoka hospitalini alimletea vidonge vya usingizi, Baba Timothée akalala, akaamka vilevile. Watu wa maombi walikuja wakasema ana pepo bubu, wakapiga makofi hadi jirani wakachungulia, na marehemu aliwapa chai na kuwashukuru, kwa sababu, alivyosema, walau hao walikuja.

Ndipo muuguzi Feruzi, wa kituo cha afya cha mtaa wetu, alipomwita pembeni akamwambia: “Mama Claudine, kwa hii ugonjwa dawa haiko, iko watu. Fasi zingine wanaita groupe de parole, watu wanaikala pamoja, kila mutu anasema yenye iko ku roho yake.” Alipomuuliza ni wapi, Feruzi akajibu: “Apa Kisangani? Mimi sijue, mama. Uliza.”

Basi akauliza. Alimuuliza katekista wa kanisa moja kama wana kikundi cha parole, katekista akafurahi sana akasema: “Parole? Iko, mama, kila Ijumaa, njoo na Biblia!” na marehemu akaenda, akasoma Injili ya Yohana nao kwa majuma kadhaa, akingoja mtu aulizwe habari za roho yake, kisha kwa aibu akaacha. Alivuka mto kwa mtumbwi hadi Lubunga alikoambiwa kuna kikundi kingine, akakuta ni parole ileile, Neno la Mungu, na wimbo juu yake. Hatukusudii kuwacheka waliomwelekeza, kwani mji uliofungwa, wenye njaa na makaburi uani, ungejuaje kwamba mama huyu anatafuta mahali ambapo neno linalosemwa ni la mtu mwenyewe? Mwishowe akaona kosa liko katika Kifaransa, akalitafsiri neno lile, na mwezi wa pili mwaka 2001 akamwuliza Sefu, kijana mwendesha toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, kama anajua kikundi cha maneno. Sefu akasema: “Fasi ya maneno? Naijua muzuri, mama, panda!”

Kwa Sefu, kama kwa wengi wetu, maneno ni ugomvi, na aliyemjua kwa maneno katika Kabondo yote alikuwa Mama Kadidja, mkaanga mikate, mjane wa fundi cherehani Asumani, aliyekuwa amegombana na nusu ya mtaa kuhusu maji, kuhusu mbuzi, kuhusu kivuli cha paipai. Marehemu alipobisha na kueleza alichokuja kutafuta, Mama Kadidja akashika kiuno: “Nani amekuambia mimi niko na maneno?” Machozi ya marehemu ambayo hayakutoka tangu Juni yakatoka palepale langoni, mbele ya Sefu na baiskeli yake. “Bon, ingia,” akasema Mama Kadidja, “lia ndani, usilie ku barabara, watasema nimekupiga.”

Huyo Asumani aliuawa katika siku zilezile sita, naye amezikwa kando ya jiko, ndiyo sababu Mama Kadidja hakumwacha mtu yeyote akanyage upande ule, na ndiyo sababu, kwa sehemu, ya ugomvi wake na mtaa. Walikubaliana kukutana Alhamisi, siku ambayo Mama Kadidja hakaangi mikate. Jirani wawili wakajiunga, kisha mmoja zaidi, lakini mikutano ilikuwa imekatazwa bila ruhusa ya wenye silaha, na walikuwa wanazungumza kwa kunong’ona wakiogopa. Alhamisi ile ya mwezi wa tatu askari wawili walisimama langoni, wakaona yale matawi ya michikichi, wakavua kofia na kwenda zao, kwa sababu hata wao, ambao mama zao walikuwa mbali, walijua kupita kimya mbele ya matanga.

Lakini matawi yaliyowafukuza askari yaliwaita watu. Mchana huohuo aliingia mzee ambaye hakuna aliyemjua, na sukari kidogo mkononi kama inavyofaa, akasema: “Poleni sana. Nani alikufa?” Hapakuwa na maiti, na ingekuwa rahisi kumwambia amekosea nyumba. Marehemu ndiye aliyejibu, akasema: “Hilaire.” Mzee akauliza lini, akaambiwa mwezi wa sita, akauliza mwezi wa sita upi, akaambiwa ule wa mabomu, akaiweka sukari chini, akavuta mkeka. “Basi,” akasema, “hata mimi niko na wangu.”

Tangu hapo matawi yaliwekwa kila Alhamisi kwa makusudi, na kila Alhamisi mtu alikosea njia akaingia. Masharti yao yalikuwa machache, hakuna kuhubiri, hakuna kumwambia mwenzako afadhali wewe, na anayetaka kunyamaza anyamaze, chai atapewa. Wakatoliki waliketi na Waislamu, muuguzi Feruzi alikuja pia, mwanzoni kutazama, baadaye kwa ajili yake mwenyewe, na baada ya raia kuuawa mjini mwetu Mei 2002 mikeka haikutosha. Hatutasema kwamba wote walipona. Mama mmoja aliondoka katikati ya maneno yake na hakurudi, wengine walibaki walivyokuwa, na marehemu mwenyewe alikuwa akirudi jioni amechoka kuliko siku ya soko, akiketi mbele ya mume wake na kumsimulia nani alikuja leo. Mwanzoni alimwomba waende pamoja, naye akajibu kila mara: “Wiki inayokuja.” Baadaye aliacha kumwomba, akaendelea kumsimulia tu. Baadhi yetu katika familia, tuseme ukweli, tulimwambia aache kuketi kwenye matanga ya uongo na kuita kifo, akatujibu: “Hatukukiita. Kilikuja chenyewe, hata hodi hakikupiga.”

Ugonjwa wa figo ulionekana mwezi wa kumi mwaka 2002, dawa zikapatikana kwa shida kwa kuwa mto na barabara vilikuwa vimefungwa, na miguu yake ikavimba. Alikwenda Kabondo hadi mwezi wa pili mwaka huu, akisukumwa na Sefu juu ya baiskeli. Alilazwa tarehe 20 Machi, na Jumapili tarehe 30 Machi 2003, saa nane mchana, binti yake Claudine akiwa ameshika mkono wake, akakata roho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliofanya kazi bila vifaa na wakati mwingine bila taa, wafanyabiashara wenzake wa soko kuu walioleta kila kilichohitajika, majirani wa Tshopo waliolala nasi, Sefu aliyekataa malipo, na watu wa Alhamisi, ambao wengi wao hata leo hatuwajui majina.

Jana jioni familia ilikaa kuamua. Wazee walitaka kikao cha Kabondo kifungwe pamoja na kaburi la marehemu, matanga yafanyike nyumbani kama ilivyo desturi, na hawakusema vibaya, walisema kwa uchovu. Claudine alilia. Ndipo Baba Timothée, aliyekuwa pembeni, akasema: “Hilaire hakuwa na matanga. Watalia pamoja, yeye na mama yake, Alhamisi, kule.” Wazee walitazamana, na wa kwanza kukubali alikuwa yule aliyepinga zaidi. Ikaamuliwa kwamba kikao hakitafungwa, na matanga ya wote wawili yatakuwa keshokutwa kwa Mama Kadidja. Ilipoulizwa nani ataenda kumpa habari, Baba Timothée hakungoja mtu atajwe, na leo asubuhi, kabla ya sanduku kutoka hospitalini, alikunja mikeka ya nyumba, akakataa kusindikizwa, akafungua lango, akapanda baiskeli ya Sefu, akaenda Kabondo kusema mwenyewe.

Pumzika sasa, Mama Claudine, kwa amani uliyowatafutia wengine. Mume wako ametoka.