Ma Darshana Alivyomfuata Alistidia Goziba

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Bi. Darshana Dhirubhai, mnasihi wa kwanza wa kituo chetu cha ushauri kwa shule hapa Kashai, Bukoba, anastaafu. Huzuni ipo, lakini furaha imeizidi sauti!

Alizaliwa Bukoba mjini, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Mzee alitaka binti akae dukani. Binti akaenda kusomea saikolojia. Kihaya anakijua kuwazidi baadhi yetu, na wazazi wa Ijumbi, kijijini Muleba, ndio walioanza kumwita Ma Darshana, yaani Mama Darshana. Nyama hagusi, ila senene, wale panzi wa kukaanga, anadai ni mazao ya msimu.

Kazi yake ilikuwa kuzuia uonevu shuleni. Mwanzoni alitumia njia tuliyoizoea sote: mkosaji anasimamishwa mstarini, anaomba radhi mbele ya shule nzima, tunapiga makofi. Tulijiona mabingwa.

Kisha akaja Alistidia, mtoto wa wavuvi wa kisiwa cha Goziba, kusoma bweni huku nchi kavu, Muleba. Wenzake, wakiongozwa na Annastella, walimwambia ananuka dagaa na kusogeza vitanda mbali naye. Annastella akaombeshwa radhi mstarini. Aibu ikazaa hasira, na mateso yakahamia mahali ambapo walimu hawafiki. Alistidia akapanda boti kurudi kwao, akaapa harudi tena, na mtihani wa kidato cha nne uko mlangoni.

Ma Darshana alisema kikaoni, bila kuzungukazunguka, kwamba njia yake ndiyo iliyomfukuza mtoto. Akaomba ruhusa shuleni, akamchukua Annastella pamoja na mama yake, Ma Klaudia, wakaenda Goziba. Na huyu ni mtu anayeogopa maji hata ya beseni! Alitapika safari nzima, Annastella akiwa amemshika mabega.

Alistidia alikataa kumwona Annastella. Hakulazimishwa. Ma Darshana aliingia peke yake, akawa wa kwanza kumwomba radhi. Huku nje Annastella alianika dagaa na mama yake Alistidia, akala chakula cha mama huyo, na kabla ya jioni akalia mwenyewe. Kesho yake Alistidia alitoka kumsikiliza. Hakuna aliyepiga makofi.

Alirudi shuleni, akafanya mtihani, akafaulu! Tangu hapo shule tunazozihudumia Bukoba na Muleba zimeacha radhi za mstarini. Aliyeonewa husikilizwa kwanza, naye huamua kama anataka kukutana na aliyemwonea.

Alistidia sasa ni muuguzi, na hajawahi kutuambia kama alimsamehe Annastella. Anachosema ni kwamba alirudi shule kwa sababu, kwa mara ya kwanza, mtu mzima alikiri mbele yake kuwa amekosea.

Ma Darshana, asante sana. Uishi miaka mingi yenye afya na amani. Nasi, watoto wakituambia tumewakosea, tutakumbuka namna ya kujibu.