Binti wa Seremala Hatulii Kitini

Benchi lile Seremala alilitengeneza mwenyewe, akaliweka nje ya karakana yake, na kila jioni wanakijiwe hulikalia mpaka birika la kahawa likauke. Sheria yao ni moja: mwenye shida hunyweshwa bure, ila hasemi neno mpaka wote wamalize kumshauri. Jioni hiyo mwenye shida alikuwa Seremala. Binti yake huandika nusu mstari, kisha husimama, huzunguka darasa, huwachokoza wenzake. Kesho mwalimu mkuu anataka baba aeleze kwa nini mtoto asisimamishwe masomo. Seremala akashika kikombe, akanyamaza kama alivyozoea kunyamaza tangu alipomzika mkewe, huku akimwomba Mungu walau mmoja aseme la maana.

— Dawa ni kamba, alianza Jaji, aliyekuwa bawabu wa mahakama mpaka hukumu zikamwingia mwilini. Samaki mkunje angali mbichi. Afungwe kitini!

— Kamba ya nini, mzee? akauliza Betri, fundi simu, akasimama, akazunguka benchi, akakaa. Kichwa cha mtoto kimezidi chaji. Kila asubuhi ashike chuma, imtoke.

— Wewe mwenyewe umesimama mara ngapi tangu tuanze? akauliza Jaji.

— Mimi nafikiri!

— Zote hizo ni nywele, akadakia Kinyozi. Zinavuta mawazo juu, mkono unabaki mtupu. Nimnyoe upara, ataandika kitabu kizima.

— Na yule mteja uliyemwacha nusu kichwa? akauliza Betri.

— Atangoja. Haraka haraka haina baraka.

Jaji akagonga benchi.

— Ni malezi tu! Asiyefunzwa na mamaye...

Akakumbuka. Kijiwe kizima kikachungulia ndani ya vikombe.

— ...hufunzwa na babaye, akamalizia upesi.

— Methali hiyo haiko hivyo, mzee.

— Iko. Wewe uliisikia nusu.

Hapo akatokea mama mmoja, mkononi ana kigoda kilichovunjika mguu.

— Hodi jamani. Seremala ni yupi?

— Subiri, mama, akasema Kinyozi akimwonyesha Seremala kwa kidole, tuko kwenye kesi ya binti yake. Kuandika kumemshinda.

Mama akamgeukia Seremala.

— Pole, baba. Kwani nyumbani anaandikia wapi?

— Haruhusiwi kusema! akafoka Jaji. Kisha naye akataka kujua. Haya, jibu.

Seremala akafungua mdomo. Madawati ya shule ya binti yake aliyaunda yeye. Meza ya nyumbani aliigeuza uso ukutani siku ya mazishi, maana hapo ndipo mkewe alipokuwa akikaa na mtoto kila jioni, daftari katikati yao. Na tangu siku hiyo, jioni zote yeye yuko hapa. Hakujua mtoto anaandikia wapi.

— Bado hatujamaliza kukushauri, Betri akanong'ona.

Seremala akaweka kikombe chini, kahawa haijaguswa.

— Inukeni.

Wakainuka. Akajitwika benchi begani.

— Sasa unalipeleka wapi?

— Nyumbani. Linatosha wawili.

Akaenda zake polepole. Nyuma yake kijiwe kikabaki wima, kila mmoja na kikombe chake, wakizunguka pale pale, hakuna aliyejua pa kutulia.