Siti ya Nyuma ya Mzee Marijani

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mzee Marijani Kondo, Mkuu wa Karakana wa Songambele Pikipiki hapa Chang'ombe, atavua ovaroli lake la kazi na kwenda kupumzika. Tulimwomba atuachie ovaroli hilo tulitundike ukutani kama kumbukumbu. Amekataa, anasema bado zima.

Alipoajiriwa mwaka 1994, pikipiki Dar es Salaam ilikuwa chombo cha bwana shamba, padri na watu wachache wenye shughuli zao. Kazi yake ilikuwa kufungua makasha na kuunganisha vilivyomo. Bodaboda ilipoingia mjini, mambo yakageuka. Pikipiki zilitufikia na siti fupi, ya mtu na nusu, na wateja wakawa wanazitazama na kwenda zao. Mzee Marijani akazifungua siti zile, akazipeleka Keko kwa mafundi makochi, akarudi nazo ndefu, zimeshiba sponji. Mpaka leo madereva wanaiita siti ya Songambele "sebule", na mauzo yetu yalianzia hapo.

Vijana wa mauzo amewafundisha kwa maneno machache. "Mhindi atakuuliza inakula mafuta kiasi gani. Mjerumani atakuuliza inakimbia kiasi gani. Mtu wa sokoni Mabibo atakuuliza kama inabeba kitanda. Usiwachanganye." Aliporudi kutoka kwenye mkutano wa Kigali, ambako aliona kila abiria na kofia ngumu yake, na abiria mwenyewe mmoja tu, bila mishikaki yetu ya watu watatu mgongo mmoja, alipiga marufuku mtu kutoka getini kichwa wazi. Tulinuna wiki nzima. Sasa tukisahau kofia tunajirudi wenyewe.

Lakini safari inayosimuliwa zaidi hapa kazini ni ya Ujerumani, alikopelekwa mafunzoni. Jumapili moja alichoka kutembea, akaona pikipiki kubwa imesimama kwenye taa nyekundu, siti ya nyuma iko wazi. Kwetu pikipiki ya namna hiyo inatafuta mteja. Mzee wetu akapanda, akataja jina la hoteli yake, akampiga dereva begani kidogo ili waondoke. Dereva, mwalimu mstaafu aitwaye Dieter, alishtuka hata taa ilipowaka kijani akaondoka naye. Walipovuka tu akasimama pembeni. Mzee Marijani akatoa nauli. Dieter akakataa. Mzee akadhani haijatosha, akaongeza. Dieter akazidi kukataa, naye akazidi kuongeza, mpaka mmoja wao akaanza kucheka.

Dieter akamvisha kofia ya akiba, akampeleka milimani, kwenye mgahawa uliojaa waendesha pikipiki wenye majaketi ya ngozi. Mzee Marijani aliwauliza mmoja mmoja wanaelekea wapi. Hawakuwa wanaelekea popote. Hawakuwa na abiria, gunia wala kreti la soda. Wamekuja kunywa kahawa, na wakishakunywa wanarudi.

Jambo hilo lilimkaa moyoni. Alirudi Dar es Salaam na hamu moja: siku moja awashe pikipiki, asiende popote. Alitaka mkewe, Bi. Mwanakombo, akae nyuma. Bi. Mwanakombo akamjibu mbele yetu, siku ya Idi, "Nipande pikipiki niende wapi? Mie sina safari."

Basi akawa anatoka peke yake kila Jumapili kutoka kwao Mtoni Kijichi, na hajafanikiwa hata mara moja. Siti tupu mjini hapa haikai. Hajafika barabara ya lami, jirani keshapanda: huyu anawahi kanisani, yule ana mgonjwa wa kumwona. Hata Dieter alipokuja kututembelea yalimkuta. Tulimwazima pikipiki azurure Msasani, mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akapanda nyuma na kumwambia, "Mkwajuni, braza, na usikimbize, samaki watamwagika." Yule mama aliiona sura ya dereva wake walipofika, Dieter alipovua kofia. Dieter anasema hiyo ndiyo safari bora maishani mwake.

Sisi tuliomjua Mzee Marijani tulianza kuingiwa na huzuni. Mtu ametengeneza pikipiki za mji mzima, halafu anastaafu bila kuipata safari yake moja ya bure.

Mwezi uliopita alirudi nyumbani saa nane mchana, chakula kimepoa, amempeleka Bi. Auleria, jirani yao, kwenye kipaimara Mbagala, akarudi na kuku aliyeagizwa kumfikishia mtu mwingine. Bi. Mwanakombo alimtazama kuku, akamtazama mumewe, akasema siti ya mume wake imekuwa mali ya mtaa. "Kama lazima ikaliwe, nitaikalia mie."

Jumapili iliyofuata mwandishi wa maneno haya aliwaona kwa macho yake. Bi. Mwanakombo alikaa upande, kofia ngumu juu ya mtandio, mkoba mapajani, mkono mmoja umeshika ovaroli la mumewe. Tumeelewa sasa lina kazi gani. Jirani akapaza sauti kuwauliza wanakwenda wapi. Mzee Marijani alifungua mdomo, lakini mkewe alimtangulia, "Hatuendi popote! Kwani lazima?"

Mzee Marijani, asante kwa mikono yako, kwa ukali wako wa kofia, na kwa sebule uliyowapa watu wasiokujua hata jina. Karakana itapwaya bila wewe, na hilo hatulifichi. Wewe na Bi. Mwanakombo tunawaombea afya, barabara kavu, na Jumapili nyingi za kutokwenda popote.

Asifiwe, Idara ya Mauzo