Kwa Nini Jeneza la Alick Duthie Limefungwa

Wasifu huu umeandikwa na mama yake, na unasomwa na mjomba wake Wattie hapa nyumbani, kabla wanaume hawajambeba kwenda makaburini.

Alexander Duthie, tuliyemwita Alick, alizaliwa tarehe 9 Januari 1924 hapa Hilltown, Dundee, ghorofa ya tatu, mtoto wa tatu wa Peem na Jessie Ann Duthie. Waliomtangulia, Chae na Mina, walichukuliwa na kifaduro na kuhara kabla hawajatembea. Ndiyo maana mama yake huyanusa maziwa dukani kabla ya kuyapokea, na mwenye duka hapendi.

Shule hakuifikia. Kazi alikuwa nayo. Kwa kuwa kiwanda cha magunia huajiri zaidi wanawake, baba yake ndiye aliyebaki nyumbani kumlea. King'ora cha mchana kilipolia, wawili hao walikuwa langoni na chakula cha mama. Alick alibeba kijiko, na hakukubali mtu amshikie.

Tarehe 14 Machi mwaka huu wa 1927, mama akiwa kiwandani na baba ameenda bandarini kutafuta kibarua, shangazi yake Teenie alimpeleka ghorofa ya chini kumuaga Netta Crichton, mtoto wa miaka minne. Tuliambiwa Netta alikufa kwa kifua.

"Mguse paji la uso, mwanangu, usije ukamwota," shangazi alimwambia.

Alick akamgusa. "Ana baridi huyu. Mpeni soksi yangu." Akavua moja, na Netta akazikwa nayo.

Chumba kilijaa watoto. Kaka yake Netta, macho mekundu, alikuwa akiwagawia biskuti. Walisema ni kulia.

Tarehe 24 macho ya Alick nayo yakawa mekundu. Ikatoka surua, kisha ikashuka mapafuni. Daktari alisema surua huweza kutoka popote. Huenda. Mama yake bado anayafikiria yale macho ya mgawa biskuti. Alick alifariki Jumamosi tarehe 2 Aprili, mikononi mwa baba yake.

Jana shangazi alikuja mlangoni na watoto wa ghorofa zote za jengo hili.

"Wifi, tufungulie wamguse. Sisi tuligusa maiti wangapi, na si tupo?"

"Tupo tuliobaki, wifi."

"Wewe! Hata chai unaishuku."

"Yako, ndiyo."

Jeneza halikufunguliwa, na leo halitafunguliwa. Walioudhika watuwie radhi, na watoto wao wakae kwao.

Ameacha baba, mama, mjomba, shangazi aliyempenda sana, na dada yake Elspet wa miezi saba. Elspet hayumo humu. Aliondolewa siku ile ile macho ya kaka yake yalipobadilika. Alipo hapatatajwa, na baba yake asiulizwe. Hadi asubuhi hii macho yake yalikuwa meupe.

Alick wetu alale kwa utulivu. Miguuni ana soksi mbili: ile iliyobaki, na nyingine iliyofumwa juzi.