Mama Nyamusi na Maswali ya Mezani

Mama Phelis Nyamusi alizaliwa tarehe 9 Juni 1955 karibu na Keroka, mtoto wa nne wa Mzee Omariba. Alisoma hadi darasa la saba. Ripoti zake zilisema anauliza maswali mno, na sisi wanawe tunaamini kabisa, maana tulimjua.

Mwaka 1974 aliolewa na Mzee Lazarus Mageto. Shamba la kwao lilikuwa limegawanywa hadi likaisha, kwa hivyo wakahamia Kericho kuchuma majani chai. Walifika bila ng'ombe, bila hata kuku.

Miaka miwili baadaye alipata kazi ya yaya kwa mhasibu wa shamba hilo la chai, Myahudi. Jioni ya Pasaka yao, mama akiingiza sahani, Maxine, mtoto wao mdogo, akauliza kwa sauti: Kwa nini usiku huu ni tofauti na mwingine? Kwa nini tunakula mboga chungu? Mama alingoja kusikia akikemewa. Wapi! Babake aliweka kijiko chini akamweleza jinsi wazee wao walivyotoka utumwani Misri. Kesho yake mama aliuliza, maana hangeweza kulala na swali. Akaambiwa ndiyo desturi yao: mdogo kuliko wote huuliza, na wakubwa lazima wajibu.

Basi ikahamia kwetu. Kila Jumamosi ya Pasaka mama alipika chinsaga, mboga yetu ya kienyeji, bila maziwa ya kuipunguzia makali. Ilikuwa chungu, jamani! Mdogo wetu akauliza mbona leo haina maziwa. "Kwa sababu tulipofika hapa hatukuwa na ng'ombe," mama alijibu, na hapo akaanza hadithi yote ya kutoka kwao. Mzee hakufurahi.

"Tangu lini mtoto akahoji wakubwa wakila?"

"Basi mjibu haraka, Baba Janefer. Ugali unapoa."

Mwaka huu wa 2025 aliyeuliza ni Dorine, mjukuu wake wa miaka sita. Alimaliza swali la chinsaga, kisha akaongeza: "Na wewe Nyanya, mbona huli?"

"Nyamaza, kula," Mzee alimwambia.

Mama alimshika Mzee mkono. "Mwache. Kwa meza hii tunajibu."

Akatuambia chakula hakipiti tena. Ilikuwa saratani ya koo, na alikuwa ameambiwa hospitalini Kaplong mwezi wa Februari. Alinuia kutuficha hadi mwisho, lakini kumdanganya mtoto mezani pale kulimshinda. Tulilia sana. Hata hivyo tunamshukuru Dorine, kwani tulipata nafasi ya kumuuguza mama yetu na kumuuliza yote tuliyotaka kujua. Alitujibu hadi sauti ikakatika. Alituacha tarehe 14 Agosti, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mzee.

Ameacha mumewe, Mzee Mageto. Watoto wake, mimi Janefer ninayewasomea haya, Zack na Bosire. Mkaza mwana wake Chepkurui. Na wajukuu saba, Dorine akiwa wa mwisho.

Juzi tulipoketi kula, Dorine alitazama kiti kilichobaki wazi.

"Sasa nikiuliza, nani atajibu?"

Mzee Mageto akasukuma sahani yake kando.

"Mimi," alisema. "Njoo ukae hapa karibu. Uliza."

Akauliza, Mzee akajibu, akaulizwa tena. Mama Nyamusi, pumzika kwa amani. Ugali ulipoa, na hakuna aliyelalamika.