Uzi wa Bluu Ndani ya Kola

"Andika tu hakujaaliwa mtoto, yaishe," ndivyo kaka mkubwa wa marehemu alivyomwambia katibu wa kamati ya mazishi, aliyekwisha kushika kalamu, juzi Jumatano, pale sebuleni, mbele ya dada yao, na dada mtu akamjibu kwamba neno hilo kinywani mwake halipiti, wakitaka lisomwe watafute msomaji mwingine, na huyo msomaji avae kofia ngumu ya wajenzi. Basi msomaji mwingine hakupatikana, ndiyo maana mnamwona dada yao amesimama hapa na fimbo yake, na karatasi hii ya katibu anaishika kwa adabu tu, kusoma hajui, lakini ugomvi wote wa ukoo huu anao kichwani kwa tarehe zake, na mwenye haraka atamvumilia.

Karatasi, kama alivyosomewa, inasema marehemu alizaliwa tarehe mosi Januari 1950, na hiyo ni tarehe ya karani, alimwandikia siku anaajiriwa kwa sababu mstari ulikuwa mtupu na karani alitaka kwenda kula. Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 16 Machi 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha unga, mtoto wa tatu na wa mwisho wa baba fundi saa, na baba huyo aliandika siku hiyo kwa mkaa nyuma ya mlango wa chumba, chini ya siku ya dada mtu na ya kaka mtu, na mlango ulipakwa rangi mara tatu lakini dada yake hakusahau.

Alianza shule Januari 1958, shule ya mabati iliyokuwa ng'ambo ya barabara, akamaliza darasa la saba Desemba 1964, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, alikuwa yule mtoto ambaye mwalimu humtuma chaki. Dada yake yeye hakwenda shule, palikuwa na wadogo wawili wa kushikwa, na marehemu kila akirudi alichukua kipande cha chaki akamwandikia herufi kwenye pipa la maji, ili asome naye, na dada akawa anazifuta kwa kuchota maji, mpaka leo anajua herufi moja tu, ile ya mviringo, na hiyo aliijua kwa sababu inafanana na mdomo wa pipa.

Tarehe 3 Juni 1969 aliajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali kuu, dobi, na hapo ndipo alipofanya kazi miaka arobaini na mmoja kasoro, mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2010. Waliowahi kuingia mle ndani wanakijua chumba kile, mapipa ya maji ya moto upande wa kushoto, meza ndefu ya kupigia pasi katikati iliyofunikwa blanketi, mvuke mpaka huoni mwenzako, na makoti ya madaktari na magauni ya wauguzi yananing'inia kama watu wanaosubiri kuitwa. Kila nguo aliitia uzi ndani ya kola, mshono mmoja mdogo, mwekundu wa daktari huyu, wa kijani wa muuguzi yule, fundo moja, mafundo mawili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyerudishiwa koti la mwenzake. Nguo zake mwenyewe hakuzitia uzi. Alipoulizwa alisema, ikibaki mezani na hakuna aliyeiulizia, hiyo ni yake.

Jina la Mzee Pasi alilipata akiwa na miaka ishirini na saba. Vijana wenzake walikuwa wakimaliza zamu wanakwenda kucheza bao na kuangalia wasichana, yeye anafunga kitambaa chake anawahi nyumbani, wakamwuliza unakimbilia wapi, mzee, una wajukuu, akacheka, jina likamganda. Na ni kweli kulikuwa na watu wanamngoja, na hapo ndipo dada yake anaomba mkae vizuri.

Tarehe 9 Agosti 1976 mke wa kaka mkubwa alifariki, wiki moja baada ya kujifungua, akaacha binti wa miaka sita, mvulana wa miaka mitatu, na kichanga ambaye hata jina alikuwa bado. Kaka mtu alihangaika nao miezi mitano, na asije mtu hapa akasema hakuhangaika, kisha tarehe 20 Januari 1977 akaondoka kwenda migodini, mkataba wa mwaka mmoja, watoto akamwachia mdogo wake. Mwaka huo mmoja ukawa karibu kumi na miwili. Mwanzoni barua zilikuja, baadaye zikaja moja moja, na kwa nini hakurudi ameshaulizwa na dada yake, ameshajibu, wamelia wote wawili jikoni, hilo limekwisha na halitafukuliwa mbele ya wageni.

Lakini kuna jambo lililofanyika siku ile anaondoka ambalo halijawahi kusemwa. Gari lilipokata kona, binti wa miaka sita alimshika marehemu mkono, akamwuliza kama sasa yeye ndiye baba. Marehemu akafungua mdomo. Na kabla hajajibu, dada yake akamtangulia, akasema, "Hapana. Hawa wana baba yao. Wewe ni baba mdogo, na usiwazoeze vingine, mwenyewe akirudi itakuwa ugomvi." Alisema kama mkubwa wa nyumba, naye marehemu alikuwa mtu ambaye mkubwa akisema, kwake limekwisha. Akasema, "Sawa, dada."

Hiyo sawa aliishika miaka arobaini na sita. Alipompeleka binti shule, mwalimu mkuu aliuliza jina la baba, akataja la kaka yake, mwalimu akauliza wewe basi ni nani, akasema baba mdogo, mwalimu akasema fomu haina mstari huo, ataandika mlezi. Marehemu alimwambia taratibu kwamba mlezi ni mtu wa kuajiriwa, na kama fomu haina mstari, pembeni pana nafasi, na akasimama pale kofia mkononi mpaka ikaandikwa pembeni, baba mdogo, kwa wino. Yule kitindamimba, ambaye hakujua baba mwingine duniani, alipoanza kusema alimwita baba, na marehemu kila mara alichuchumaa akamsahihisha, baba mdogo, mtoto anasema baba, anamsahihisha tena, mpaka mtoto akachoka akapata lake, Bamdogo, kwa mkupuo mmoja, na kaka yake na dada yake wakalidaka. Na nguo za watoto hao wote watatu, sare za shule mpaka vitambaa vya pua, alizitia uzi wa bluu, mafundo mawili, ambayo ndiyo alama ya nguo za kaka yake tangu walipokuwa wakiishi chumba kimoja. Za kaka yake, zirudi kwa kaka yake.

Jumamosi tarehe 5 Mei 1979 alifunga ndoa na mshonaji wa pale pale hospitali, aliyekuwa akitia viraka mashuka, huyu wifi yetu aliyekaa mbele. Wifi aliingia nyumbani akiwa mama wa watatu kabla hajavua viatu, na jioni ile ile kichanga wa zamani, sasa anakaribia miaka mitatu, alimtapikia gauni la harusi, marehemu akalichukua akalifua, na wifi anasema hapo ndipo alipojua ameolewa na nani. Hawakuzaa. Walikwenda kwa madaktari, madaktari walisema walichosema, wakarudi wakapika chai.

Tarehe 12 Novemba 1988 kaka mkubwa alirudi. Marehemu alikaa siku mbili anafua na kupiga pasi kila kitu cha watoto, akakunja, akafunga mafurushi matatu, akayapanga mlangoni, na baba yao alipoingia akamwambia, kaka, hawa hapa. Watoto wakasimama kwa mstari kama wanaokaguliwa, na yule mdogo, miaka kumi na miwili, akasema, "Shikamoo, mzee." Kaka mtu aliipokea kwa furaha, alidhani ni heshima, na ni heshima kweli, lakini ilimchukua kama mwaka kugundua kwamba ndiyo heshima unayompa abiria uliyekaa naye kiti kimoja. Huku wenzake wa kazini wakimwita marehemu mzee anacheka na kuwamwagia maji, kule wanawe wakimwita mzee, kaka anainamia sahani yake. Walihamia kwake, nyumba ya mtaa wa pili, wakamtii, wakamtunza, na mpaka leo hakuna aliyemvunjia adabu. Ila kila Jumamosi, mvua isimame au inyeshe, walikuwa wanabeba nguo zao wanakwenda kwa Bamdogo kupiga pasi, na kwa baba yao pasi ilikuwapo, tena ya umeme.

Basi ndio hao. Mkubwa ni mwalimu wa watoto wadogo, wa kati ni fundi umeme, na kitindamimba ni dereva wa lori la saruji, na ukimkuta barabarani umpishe.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kifua Aprili mwaka jana, mvuke na moshi wa mkaa wa miaka yote ile, daktari alisema mapafu yamechoka, na tarehe 2 Oktoba mwaka huu, 2023, alilazwa hospitali ile ile, kwenye mashuka aliyoyajua. Siku ya kumi ya kulazwa muuguzi aliyekuwa mlangoni alizuia watu, akasema hali si nzuri, anaingia mke na watoto peke yao. Dereva akasema, sisi ni wanawe, watatu. Muuguzi aliwatazama, akamwinamia mgonjwa, akamwuliza kama hawa ni watoto wake. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi la nje alikuwa amekaa kaka mkubwa na chupa ya chai mapajani, na dada yao pembeni. Na mtu yule aliyesahihisha walimu, makarani na watoto miaka arobaini na sita, aliwaangalia wote watatu, mmoja mmoja, akasema, "Waache waingie."

Hakuongeza baba mdogo.

Kaka mtu aliweka chupa chini, akaenda kusimama dirishani. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 17 Oktoba, saa nne asubuhi, mkewe akimshika mguu na mwalimu akimshika kichwa. Na Jumatano ndipo likazuka lile la sebuleni, hakujaaliwa mtoto, na waliolisikia wasidhani ni roho mbaya. Dada yao alimfuata kaka mkubwa uani akamkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamwambia, "Dada, wakiwa wake, mimi nilizaa nini?" Dada akamwambia mtoto siyo shati kwamba akilivaa mmoja mwingine abaki kifua wazi. Kisha akamweleza kile ambacho hata yeye alikuwa hakijui, kwamba mdogo wao hakumwibia jina la baba, alikatazwa kulipokea, na aliyemkataza siyo fomu wala mwalimu, ni huyu anayesema mbele yenu. Alidhani analinda amani ya nyumba. Alimnyima mdogo wake neno moja, na mdogo wake hakuwahi kumdai.

Jana mchana wifi alitoa shati jeupe la kumvalisha marehemu, la kwake, lisilo na uzi, akalilaza kwenye meza ya pasi, na kaka mkubwa akaingia akaomba sindano. Vidole vile vya mgodini viliangusha sindano mara nne, mwalimu akataka kumsaidia akakataa, akashona ndani ya kola uzi wa bluu, mafundo mawili, mabaya, wifi asingeyapitisha kazini. Akasema, "Sisi wote ni furushi moja, asibaki mezani." Halafu akamgeukia dada yao akasema, "Mwambie katibu, andika watatu."

Kwa hiyo karatasi ya katibu isomeke hivi, na katibu asahihishe sasa hivi, tunamngoja, kalamu anayo. Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu na wajukuu saba. Watoto hao wana baba, amekaa pale mbele, na wana baba mdogo, tunamzika leo, na huo udogo ni wa kuzaliwa nyuma tu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, hasa yule wa mlangoni aliyeuliza swali, hajui alichofanya. Inawashukuru majirani waliolaza wageni na kutuazimisha sufuria, sufuria zitarudi, na wenzake wa chumba cha kufulia waliokuja jana kupiga pasi nguo za waombolezaji wote bila kuambiwa. Kwako Mzee Pasi, mgongo uunyooshe sasa, meza imebaki tupu, kila kitu kimemfikia mwenyewe, nenda kapumzike.

Na ninyi mliosikia, dada yake ana moja tu la kuwaomba, miguu yake haifiki mbali. Kule mnakokwenda mtaulizwa, yule dobi aliacha mtoto? Msimung'unye maneno. Waambieni watatu, na waambieni nani aliyemkataza kuitwa baba, na wao wakamwambie mwingine.