Biubwa, Mama Aliyejifunza Kutomsifu Mwanawe

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo: dukani Kensington, saluni Hillbrow, au ndani ya teksi mmekwama kwenye robot, taa za barabarani. Ni mimi Burhani. Leo tunamkumbuka Biubwa binti Naseeb, mpika sambusa wa Mayfair, mama yake Mayasa. Nasema mapema ili tusigombane baadaye: sikuja kulia. Atakayelia alie, mimi leo nimekuja kujivuna.

Biubwa alizaliwa Unguja. Alikuja Johannesburg kumfuata mumewe, na mume akafariki Mayasa akiwa na miaka mitano. Hakurudi kwao. Alipanga vyumba viwili Mayfair, akawa anapika sambusa na kuzisambaza kwenye maduka ya Wasomali. Sambusa za Biubwa ulikuwa unazila umevaa kanzu nyeupe, na unaondoka nayo nyeupe.

Mayasa ana usonji. Narudia, maana wapo wanaosema mengine. Si mashetani, si kukosa adabu. Ni usonji, na amezaliwa nao. Husema maneno machache, tena anapotaka yeye. Kelele humuumiza. Lakini mpe manda akunje sambusa, halafu utazame ile mikono. Pembe zote tatu zimenyooka, na hakuna inayovuja.

Alipokuwa mdogo, Mayasa alipata ruzuku ya serikali ya mtoto mwenye ulemavu. Ruzuku hiyo ndiyo iliyolipia kituo anachoshinda kila siku, mahali wanapomjua na yeye anawajua. Lakini mtoto akitimiza miaka kumi na minane, ruzuku ya mtoto inakoma. Unaomba upya, kama mtu mzima, na daktari wa tathmini ndiye anayesema kama unaweza kufanya kazi au huwezi. Kwa Biubwa maana yake ilikuwa moja tu. Mayasa akikataliwa, kituo basi.

Sasa sikilizeni alichofanya. Wiki tatu nzima alimfundisha mwanawe kutoa mkono na kuitikia salamu. Siku ilipofika alimwosha, akamsuka, akamtia hina, akamvika gauni jipya. Zuhura, mdogo wake Biubwa, alikwenda nao kwa daktari. Haya ni maneno yake:

"Sisi kwetu mgeni akija, mtoto husifiwa. Makosa yake unayafunika kawa. Basi daktari kauliza, huyu anaweza kufanya nini? Dada kafungua bomba! Ati anakunja sambusa mia mbili, ati anafua, ati mtoto mpole hajapata kutokea. Mie namfinya, wala hasikii."

Daktari akaandika. Dakika kumi zikaisha. Barua ikaja: Mayasa anaweza kufanya kazi, ombi limekataliwa. Na sababu zilizotajwa zilikuwa zile zile sifa za mama, moja baada ya nyingine.

Biubwa hakusema kwamba Mayasa hukunja sambusa mama yake akiwa kasimama pale pale, bakuli likiwa lile lile. Bakuli likibadilishwa, kazi imekwisha kwa siku hiyo. Hakusema kwamba Mayasa hawezi kuvuka barabara peke yake, na kwamba teksi ikipiga honi hujiuma mkono mpaka unatoka damu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Yule daktari alionyeshwa mlango tu, tena umepakwa rangi. Lakini na mimi nauliza, wasikilizaji: ni binadamu gani unaweza kumjua kwa dakika kumi?

Zuhura anasema dada yake alikaa siku mbili na barua ile mkononi. Siku ya tatu akasema, "Nimemponza mwanangu kwa ulimi wangu." Akaandika kuomba uamuzi ule uangaliwe upya.

Hapo anaingia Léocadie. Huyu ni msusi wa Hillbrow, mtu wa Lubumbashi, na mwanawe Steve yuko kituo kile kile. Anasimulia mwenyewe:

"Bon, mie nilimwambia: Mama Mayasa, sasa usimuvalishe muzuri. Umupeleke na nywele haijachanwa, nguo ya machafu, dokta aone. Banamama bengine banafanya vile. Eish, alikasirika! Alisema, 'Mwanangu ataingia ofisi ya serikali msafi kama mtoto wa mtu yeyote. Simvui heshima yake ili apewe haki yake.'"

Simvui heshima yake ili apewe haki yake. Wasikilizaji, hapo ndipo ninapojivuna.

Alichofanya ni kununua daftari. Kwa siku arobaini aliandika. Saa ngapi Mayasa ameamka, nani amemvisha, nani amemshika mkono barabarani, nini kimemtisha, amechukua muda gani kutulia. Siku nzuri aliandika, siku mbaya aliandika. Zuhura akalitafsiri lote kwa Kiingereza.

Siku ya kurudi, Mayasa aliingia na hina yake na gauni lake lililopigwa pasi. Safari hii daktari alikuwa mwingine. Biubwa akafungua daftari akaanza kusoma. Mwanamke aliyelelewa kutomwaga mtama penye kuku wengi, siku ile alimwaga gunia zima. Alisoma huku machozi yakimtoka. Daktari akamuuliza, "Usipokuwepo, nani anamfanyia haya yote?" Biubwa akajibu, "Hakuna. Ndiyo maana nimekuja."

Ruzuku ikarudi, na kituo kikabaki. Lakini ilikuwa ya mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, unakwenda tena kuthibitisha. Biubwa alikuwa akicheka kwa uchungu: "Kila mwaka waniuliza mwanangu kapona? Kapona nini? Mayasa haumwi, Mayasa ndivyo alivyo."

Akawa anakwenda kila mwaka, na hakwenda peke yake. Kina mama wa kituo walianza kumfuata, Watanzania, Wakongo, Wazulu, kila mmoja na daftari lake. Aliwakalisha kwenye benchi la kituo akawafunda: "Ukiingia mule, usimsifu. Sifa zake ziache nyumbani, mtazikuta mkirudi." Léocadie naye aliandika la Steve, kwa Kifaransa, na Steve akaingia ofisini kavaa tai. Léocadie anasema ruzuku ya Steve haijakatika hata mara moja.

Mwaka huu figo zilimchosha Biubwa. Alijua. Mwezi uliopita, miguu imevimba, Zuhura kamshika mkono, alikwenda kwenye tathmini yake ya mwisho. Aliomba jambo moja: ruzuku ya Mayasa iwe ya kudumu. Akawaambia, "Mimi naondoka. Msimpange foleni kila mwaka, na mama yake hayupo."

Hakupewa jibu siku ile. Biubwa alifariki Jumanne, na Jumatano tukamzika. Aliondoka hajui.

Kwa niaba ya kipindi hiki, nampa pole Mayasa, nampa pole Zuhura, na ndugu wote wa Unguja na wa hapa. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nasi tuliobaki tutafakari. Tukimwona mtoto wa mwenzetu kaziba masikio dukani, tusiseme hakufunzwa. Na wewe unayekaa upande wa pili wa meza, ukiwa na kalamu na fomu, mwulize mama swali la pili.

Kabla sijawaaga, nina la mwisho, nimepewa na Zuhura. Ijumaa, siku ya tatu, nyumba ilijaa wanawake waliokuja kusoma hitima. Ujumbe ukaingia kwenye simu ya marehemu. Zuhura akausoma, akausoma tena, kisha akasimama akausoma kwa sauti: ruzuku ya Mayasa ni ya kudumu.

Mnajua wenyewe, msibani hakupigwi kigelegele. Léocadie akapiga. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka nyumba nzima ya matanga ikawa inapiga vigelegele, na bibi mmoja mkali aliyetaka kukemea naye akajikuta anapiga.

Mayasa, aliyekuwa kakaa pembeni, akaziba masikio.

Wanawake wote wakanyamaza papo hapo. Zuhura anasema hakuna aliyeambiwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.